Namba Niliyoiita Tasa

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya mkwe. (Si nguo za kweli. Afadhali zingekuwa za kweli.)

Mnajua Jumapili wazee wangu wanakwenda kwa kina Editha kuniposea. Baba yake kashalainika. Mama yake bado ananipima, kama mtu anavyobonyeza ndizi za pombe.

Basi leo mwalimu wa kisomo cha watu wazima kashikwa na homa. Mwenyekiti wa kijiji kauliza, nani atashika chaki? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Darasa la tano nilifika, bwana! (Kufika nilifika. Kumaliza ni habari nyingine.)

Ghala la kijiji limejaa, watu wametoka shamba la ujamaa na majembe yao. Nikaandika ubaoni 111,111. "Laki moja, kumi na moja elfu, mia moja na kumi na moja!" Wakapiga makofi. Makofi ndiyo yaliyoniponza.

Nikakumbuka somo langu la mwisho shuleni: namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, inaitwa namba tasa. Nikagawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tano, ikabaki moja. Inatosha! Nikanguruma: "Huyu ni tasa! Hazai, hata mfanyeje!"

Nageuka na fimbo yangu. Lahaula! Mama Editha yuko mlangoni, ndiyo kwanza anaingia, na fimbo inamwelekea yeye. Yeye, aliyeitwa neno hilo na mawifi miaka yote kabla hajapata watoto!

"Shikamoo mama."

Badala ya marahaba, akaniuliza:

"Nani tasa?"

"Si wewe, mama! Huyu wa ubaoni."

"Kakukosea nini? Nani kampima?"

"Mimi, mama. Kwa mbili kakataa, kwa tano kakataa."

"Na mimi walisema hivyohivyo. Leo nina watatu. Mpime kwa tatu."

"Mama, tatu na tano ni ndugu tu, wata..."

"Mpime!"

Nikapima. Kumi na moja kwa tatu, tatu, inabaki mbili. Ishirini na moja, saba. Nikaendelea hivyohivyo. Nikafika mwisho: 37,037. Kilichobaki? Hakuna!

"Kazaa!" akapiga kelele Mama Editha. Ghala zima vigelegele!

"Mpikieni mzazi uji!" kasema mzee mmoja huko nyuma.

"Mwalimu, mtoto anaitwa nani?" akadakia mwingine.

"Elfu thelathini na saba, na thelathini na saba," nikajibu, sauti kama ya kifaranga.

Mama Editha kacheka mpaka kafuta machozi kwa kitenge. Halafu kaniambia, "Wazee wako waje Jumapili. Ila wewe ukija, usifungue mdomo."

Basi msinicheke. Kesho nashika chaki tena, na tasa wa kweli nimempata: milioni moja na moja. Nimempima kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kagoma kote. (Kwa mia moja na moja sijampima. Ya nini?) Huyo hazai, nawaapia!