Kikombe cha Muna

Jumatatu, 13 Januari

Nasari yetu hapa Minjila imepungukiwa na mtoto mmoja. Mmoja tu. Afisa wa elimu amepiga simu kutoka Hola. Idadi isipotimia, darasa linafungwa na mwalimu anapelekwa Bura. Mwalimu ni Tuneya, binti yangu. Tangu mamake afariki tuko wawili nyumbani. Akienda Bura nitabaki na mbuzi.

Mimi ndiye mwenyekiti wa wazazi. Nimejibu kabla ya kufikiri. Nimesema mtoto yupo, ila familia yake imeshuka na ng'ombe kwenye delta kufuata nyasi, kama Waorma wanavyofanya kila kiangazi. Afisa akauliza jina. Nikasema Muna. Muna nani? Muna Jaldesa. Limetoka lenyewe. Akasema vizuri, atakuja Jumatatu ijayo kuwaona watoto wote.

Mungu anisamehe. Lakini ni uongo mdogo, kimo cha mtoto wa nasari.

Jumanne, 14 Januari

Tuneya ameuliza Muna ni nani. Nimemwambia anakuja, amwekee kikombe. Hapa kila mtoto ana kikombe chake cha uji, kinaning'inia ukutani kwenye msumari. Nimenunua cha kijani. Nimekijaza uji mwenyewe nikakiweka mwisho wa mkeka, watoto wazoee kuona nafasi ya mtu. Jina nitawafundisha Jumatatu asubuhi, afisa akiuliza wamtaje. Mpango safi.

Wakati wa kuosha vyombo kikombe kilikuwa kitupu. Nikasema ni paka. Tuneya akasema hatuna paka.

Alhamisi, 16 Januari

Godana amepita. Huyu ni mwenyekiti wa nasari ya ng'ambo ya barabara, ile yenye bembea. Watoto wangu wengi wamevuka kwa sababu ya hiyo bembea. Tena ni Muorma, anajua kila boma lililoshuka delta. Amesikia habari za Muna, ameuliza huyo Jaldesa ni yupi. Nikasema Jaldesa mrefu. Akasema akina Jaldesa wote anaowajua ni warefu. Nikasema huyu amezidi. Amecheka mpaka akashika ukuta. Amesema kesho anapeleka chumvi ya ng'ombe hukohuko, atanisalimia Jaldesa wangu.

Sikuweza kula.

Uji umeisha tena. Na pale penye kikombe mkeka umeloa. Matope meusi, yenye harufu ya nyasi za majini. Hapa kwetu ni vumbi tupu, hata mbwa anatembea kama anakanyaga unga.

Nimemuuliza mtoto mmoja, Sumayya, nani anakunywa ule uji. Ameniangalia kama mimi ndiye wa nasari. Amesema si ni Muna.

Nikafurahi. Halafu nikakumbuka jina sijawafundisha. Tuneya naye amesema hajawafundisha.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeazima mtoto. Hawo, jirani anayeuza maziwa, ana mjukuu anaitwa Abdia. Ni mdogo mno, lakini ataitwa Muna kwa asubuhi moja.

Shida ni sikio. Watoto wa wafugaji wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo afisa atatumia kipimo cha zamani. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, amefikia umri wa shule. Mkono wa Abdia unaishia kwenye msuko. Nimemshikia biskuti sikioni ili aifuate. Ameichukua kwa mkono ule mwingine na kuila. Hawo akaniambia, "Mzee Athman, mkono haurefuki kwa biskuti."

Baada ya swala ya Ijumaa nimeomba msamaha kwa uongo wangu. Halafu, kwa kuwa nilikuwa tayari nimeinua mikono, nikaomba mkono wa mtoto urefuke kidogo.

Jumatatu, 20 Januari

Afisa amekuja. Ni mama mmoja, Lorna, na viatu vyeupe. Hajashuka garini Hawo akatuma habari kwamba Abdia ana homa. Nikajua yamekwisha. Nikajiandaa kusema ukweli. Kweli nilijiandaa, hata koo nilisafisha.

Lorna akaita Muna Jaldesa. Mwisho wa mkeka akasimama mtoto.

Msichana mwembamba, kanga imemshika mwilini kama ametoka kuoga. Sikumwona akiingia. Lorna akamwambia ashike sikio. Mkono ukapanda polepole, ukapita juu ya kichwa, ukafika sikioni. Haukusimama. Ukashuka shavuni, ukazunguka kidevu, ukarudi ukalala kwenye bega lake lilelile ulikotoka. Watoto wengine hawakushangaa. Waliendelea na uji.

Lorna akaandika haraka. Akasema huyu amechelewa kuanza shule. Akasema idadi imetimia, darasa halifungwi, mwalimu haendi popote. Chai yetu hakuigusa. Gari limeondoka mlango haujafungwa vizuri.

Tuneya akaniuliza kwa sauti ya chini, baba, huyu ni wa nani. Nikasema si nilikuambia anakuja.

Adhuhuri wazazi wamechukua watoto wao. Muna amebaki amekaa. Tuneya amemuuliza anamngoja nani. Amejibu anamngoja aliyemwandikisha.

Nimetoka kwa mlango wa nyuma.

Jumanne, 21 Januari

Godana amerudi. Amekataa kiti. Amesema amefika mwisho wa malisho na hakuna Jaldesa mrefu. Lakini alipotaja Muna, wazee waliacha kuongea wakaanza kutoa ng'ombe kwenye maji. Wamemwambia wanamjua. Yuko huko tangu zamani, hasumbui mtu, ila ni mwiko kumwita kwa jina. Wamemtuma aulize nani amemwita.

Nikasema pengine ni afisa wa kaunti.

Godana akachungulia darasani, akarudi nyuma. Amesema bembea yake nitaikuta nje kesho, niichukue, ni yetu. Anachoomba ni mtoto yule asivuke barabara.

Basi nimetubu. Nimemweleza Tuneya yote, simu, kikombe, biskuti, mpaka ile dua. Nimelia. Nilidhani atamfukuza mtoto. Amesema mtoto akishaandikishwa hafukuzwi, na huyu anashika herufi upesi kuliko wote. Amesema wa kumpeleka na kumchukua ni mzazi, na aliyemwandikisha ni mimi. Kama sitaki, yeye ataomba kupelekwa Bura kwa mdomo wake.

Nimempeleka Muna leo hadi nyasi zinapoanzia. Amenishika kifundo cha mkono. Vidole vyake ni baridi, na vinazunguka mkono wangu mara mbili.

Alhamisi, 23 Januari

Muna anaimba a, e, i, o, u njia nzima. Watu wakituona wanaacha njia. Tukifika majini yeye anaendelea na wimbo, mimi nasimama, na wimbo unaendelea kutoka chini.

Leo asubuhi nimeapa. Sitasema uongo tena, mdogo wala mkubwa, kwa sababu yoyote. Nimejisikia mwepesi. Hata mbuzi nimewasamehe.

Mchana Lorna amepiga simu. Hataki kuja tena, lakini ana habari njema. Tukipata mtoto mmoja zaidi, kaunti itamletea Tuneya msaidizi. Nikamfikiria Tuneya anavyochoka. Nikafikiria pia ile njia, na Muna akitembea bila mwenzake, na mkono wangu ukipumzika. Nikasema mtoto yupo, ni kaka yake. Akauliza jina. Nikasema Sora.

Nikaenda duka la jirani kuchukua kikombe chekundu. Sijalipa, Tuneya ameniita kutoka darasani. Ameuliza mbona sasa mkeka umeloa pande zote mbili.