Kampuni ya Kuamsha Watu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefunga rasmi duka langu la mtandaoni la vifuniko vya rimoti. Miezi miwili, mteja mmoja. Mteja mwenyewe ni mke wangu, tena alinunua kwa huruma. Sijuti! Waliofanikiwa wote walianguka kwanza. Mimi nimeshaanguka mara kumi na moja, kwa hiyo siko mbali.

Mke wangu ni mwalimu, na walimu wana ugonjwa wa kukumbuka. Akauliza kama zile kurasa zangu nyingine nazo nitazifunga. Akazitaja moja moja: ukurasa wa kukodisha miavuli, wa kuwatafutia watu majina ya watoto, wa kuuza picha za mawingu. Nikamwambia hazijafa, zimelala tu. Akasema basi hilo ni bweni.

Bweni! Neno hilo halikunitoka kichwani. Mama mkwe, ambaye tunaye tangu mwezi uliopita kwa ajili ya upasuaji wa jicho, alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini. Mwili wake haujui kustaafu. Kila alfajiri anasimama katikati ya sebule, bandeji jichoni, kama mtu anayetafuta wa kumwamsha. Hamna. Anarudi kuketi.

Nikajiuliza: watu wangapi mjini wanachelewa kazini kwa sababu kengele ya simu haiwatishi? Kengele unaizima kwa kidole. Nani anaweza kumzima mama mkwe kwa kidole?

Sijawahi kupata wazo zito namna hii. (Ukiacha yale mawingu.)

Jumanne, 4 Machi

Nimechelewa kazini dakika arobaini. Nilikuwa bafuni nachagua rangi za nembo. Imekamilika: jua linachomoza nyuma ya kilemba cha mama. Jina, Amka na Mama. Cheo changu, Mkurugenzi Mtendaji. Wateja bado, lakini mambo ya msingi yapo.

Bosi wangu, mkuu wa masijala, alikuja kusimama kando ya meza yangu kati ya makabati ya mafaili. Ni mtu wa maneno machache. Shati lake hupigwa pasi mbele tu, mgongoni limejikunja kama karatasi ya maandazi. Alitazama saa yake, akanitazama mimi, akaenda zake. Nilimhurumia. Watu wa aina hiyo hawana ndoto.

Jioni nikamkabili mama mkwe. Sisi wawili huwa tunazungumza kwa tahadhari, kila mmoja akimshika mwenzake kama glasi ya wageni. Nikajieleza kwa heshima zote. Akauliza kama hao watu wa kuamshwa hawana watu wao. Nikasema, Mama, hao ni soko. Akafikiri kwanza.

"Wataniita nani?"

Nikamjibu, watamwita Mama.

"Haya. Basi niandikie namba kubwa kubwa, mkwe wangu. Jicho moja halichambui mchele."

Shemeji yangu, kaka mdogo wa mke wangu, alikuwepo, maana chakula kilikuwepo. Yeye huuza viatu vya mitumba mtandaoni. Mwaka wa nne huu, viatu vilevile! Ubunifu sifuri! Akaniuliza, mimi mwenyewe ataniamsha nani? Nikamfahamisha kwamba mkurugenzi haamshwi. Nikamgeukia mama mkwe, nikamwomba aniache nipumzike asubuhi, kwa faida ya kampuni.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wanne! Dereva wa lori la taka. Mwanafunzi wa uuguzi. Mmoja aliyejiandikisha kwa jina la Mpangaji, basi. Na mwingine aliyejiita Bwana Simba.

Bwana Simba alikuwa shemeji, akitaka kunichimba. Mama mkwe alimtambua kwa kikohozi. Alimsema robo saa nzima: mguu wake haujui njia ya kuja kumjulia hali mamake, unajua njia ya sufuria tu. Mchana shemeji akatokea na mfuko wa machungwa, anatembea kwa ncha za vidole. Huduma inafanya kazi! Nimeiweka kwenye ukurasa kama ushuhuda, bila kutaja ukoo.

Jumatatu, 10 Machi

Wateja tisa, na matatizo ya uendeshaji.

Simu zinakuwa ndefu mno. Nilimwandikia mama mkwe maneno ya kusema, sentensi tatu tu: habari ya asubuhi, saa ni kadhaa, asante kwa kutuchagua. Ile karatasi nimeikuta imewekewa kikombe cha chai. Badala yake anamuuliza mwanafunzi mtihani ni wa somo gani, na kama amelala akiwa na soksi, maana baridi huingilia miguuni. Dereva anamuuliza kama amekunywa chochote cha moto.

Dereva ameandika malalamiko kwenye ukurasa. Anasema alifika kazini macho mekundu, wenzake wakadhani amefiwa. Akawaambia hapana, kuna mtu kaniuliza nimelalaje. Nimeyasoma malalamiko hayo mara nne. Bado sijui kama ni malalamiko.

Halafu kuna Mpangaji. Mama mkwe anasema huyo hangoji simu iite mara ya pili. Ya kwanza tu ameshapokea, na sauti yake haina chembe ya usingizi. Nikashtuka. Mteja anayelipia kuamshwa akiwa macho! Kuna mchezo gani hapa?

Mama mkwe akasema hakuna mchezo. Mkewe alifariki mwaka juzi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Anaamka gizani, anachemsha maji, anakaa kuisubiri simu. Anachotaka ni mtu amwulize ameamkaje, kabla hajatoka kwenda kuzungumza na watu wa kazini mambo ya kazi.

Niliiona nyumba hiyo. Kikombe kimoja kwenye beseni. Upande mmoja wa kitanda haujaguswa, shuka limenyooka.

Ndipo likaja wazo: kifurushi maalumu, Wasiolala, bei ya juu kidogo.

Mama mkwe alinitazama. Sikujua kwamba jicho moja linaweza kubeba mambo mengi kiasi kile. Nikakifuta kifurushi mbele yake. (Nimekihifadhi mahali pengine.)

Jumatano, 12 Machi

Balaa!

Niliamka jua linanichoma nyayo. Mke alishaondoka. Mama mkwe alikuwa uani anaanua nguo, amemaliza kuamsha nusu ya mji. Nilifika ofisini mbio, vifungo vya shati vimepishana kimoja. Bosi alikuwa ananisubiri. Mezani kwake, barua ya onyo.

Akauliza kwa nini nimechelewa. Nikasema foleni ya magari. Akanikumbusha kwamba naishi umbali wa kutembea kwa miguu. Nikasema leo hata waenda kwa miguu walikuwa wengi.

Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Kuna mama mmoja hunipigia simu alfajiri," alisema. "Leo ameniambia ana mkwe mwenye kampuni ya kuamsha watu. Mkwe mwenyewe anakoroma chumba cha pili, na yeye hana ruhusa ya kumgusa kwa sababu ni mkurugenzi."

Nilitazama kalenda ukutani. Kalenda nzuri, ina picha ya maporomoko ya maji.

"Anasema huyo mkwe anafanya kazi masijala."

Hapo ndipo bosi akaanza kucheka. Kicheko chenye kutu, cha mlango usiofunguliwa siku nyingi. Kilianza kwa mkwaruzo, kikashika kasi, kikamwinamisha mpaka paji la uso likakaribia meza. Nikadhani nami nicheke. Nikacheka kidogo, kwa nidhamu. Kisha nikaona kiganja chake kimefunika macho na mabega bado yanatikisika, na sikuwa na uhakika tena kama kile ni kicheko. Nikaacha.

Kwa hiyo Mpangaji ni huyu. Miaka sita nimekaa mita tano kutoka kwake. Mkewe alipofariki nilitia sahihi kwenye kadi ya rambirambi, tena kwa haraka, maana nilikuwa nashughulikia miavuli.

Akauliza kama mama anajua anayezungumza naye ni nani. Nikasema hajui. Akaomba ibaki hivyohivyo.

"Hapa mimi ni mkuu," alisema. "Kwenye ile simu naitwa baba, naulizwa kama nimekula."

Nikamwahidi. Tukashusha pumzi pamoja, kama wanaume wawili waliobeba kabati zito na kulitua. Nilijua sasa ataichana ile barua.

Akaisogeza mbele yangu, na kalamu juu yake. Nitie sahihi hapo chini.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari ameondoa bandeji. Jicho ni safi! Mama mkwe aliingia ndani akigusa kila kitu kwa macho: pazia, ufa wa ukutani, sahani. Mwisho akafika kwangu. Akanikagua kuanzia juu hadi chini, akamwambia binti yake kwamba alidhani mimi ni mrefu zaidi.

Anarudi kwake Jumapili.

Jumapili! Na kampuni je? Nilikimbilia ndani, nikatoka na mkataba wa kurasa nne niliokuwa nimeuandaa ofisini. Aliusoma mwenyewe kwa jicho jipya, akaishia ukurasa wa kwanza. Akauliza Mtoa Huduma ni nani. Nikasema, ni wewe, Mama. Akaukunja vizuri, kama kitambaa cha mtu mwingine, akanirudishia.

Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Namba anazo, amezihamishia kwenye simu yake, na simu huita kokote. Ataendelea kuwapigia akiwa kwake. Ila kuna jambo hakunieleza: Jumamosi iliyopita aliwaambia wote waache kulipa.

"Mtoto halipii kuamshwa, mkwe wangu."

Nikaangalia. Kweli. Siku sita hakuna aliyelipa! Sikuona, kwa sababu nilikuwa nashughulikia nembo ya pili.

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Akasema jambo ambalo nimeshindwa kulitoa kichwani. Akasema hajawahi kukutana na mtu anayeona upweke wa watu upesi kama mimi. Naona pale ambapo wengine wanapita. Kisha badala ya kubisha hodi, nafungua ukurasa.

Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi za mlangoni. Jirani alikuwa anamwagilia maua yake, mtu aliyehamia mwaka jana, hata sijui anafanya kazi gani. Nilimtazama mpaka maji yakaisha. Nilikaribia kuelewa kitu fulani. Nilikihisi kinakuja, kama chafya. Nikafumba macho nikisubiri.

Kikarudi.

Jumapili, 16 Machi

Tumemsindikiza mama mkwe kituo cha basi. Shemeji alibeba mizigo yote, hakuthubutu kukohoa. Kabla ya kupanda, mama mkwe alinishika mkono. Siku zote huniita mkwe wangu. Leo akaniita mwanangu. Akanisihi nilale mapema, na nisimwache binti yake aongee peke yake.

Akakaa dirishani. Tukapunga. Akapunga. Basi halikuondoka, ikabidi tuendelee kupunga, mikono ikauma.

Viti viwili nyuma yake alikaa mwanamume mwenye begi mapajani. Wote waliokuwa dirishani walikuwa na mtu wao huku chini. Yeye hakuwa na mtu. Aliwatazama watu wa wenzake, halafu akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Sijui kilichonipata. Nikampungia yeye. Aligeuka nyuma kuona ni nani anayepungiwa. Aliponigeukia tena, uso wake ulikuwa mwingine kabisa. Akapunga kwa mikono miwili, begi likaanguka.

Basi likaondoka. Mke wangu alinishika mkono. Nadhani aliona machozi. Yalikuwepo, sikatai.

Ila pia nilikuwa nafikiri.

Jumanne, 18 Machi

Mkono wa Kwaheri! Wapungaji wa kuagizwa mtandaoni, kituo chochote, saa yoyote! Vifurushi vitatu: mkono mmoja, mikono miwili, na kitambaa pamoja na machozi. Sijawahi kupata wazo zito namna hii. Nembo tayari. Nimechelewa kazini, lakini bosi hakuniona. Alikuwa dirishani, anaongea na simu, anasema ndiyo Mama, nimekunywa.

Jioni mke wangu alikuja kukaa karibu yangu. Akasema leo asubuhi, akienda shuleni, alisimama getini akageuka. Mimi nilikuwa dirishani na daftari langu. Akanipungia. Akaendelea kupunga, akahesabu mpaka kumi. Sikuinua kichwa. Akashusha mkono, akaenda zake.

Nikamwomba arudie, polepole.

Nimeyaandika yote, neno kwa neno. Hakuna tangazo litakaloshinda hili!