Kina cha Asali

Jumanne, 24 Juni 1975

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa bohari ya asali na nta, ninapofanya kazi ya ukarani wa mizani. Shindano la mashairi siku ya Sabasaba, uwanjani, hapa hapa Mpanda. Mada: asali. Mshindi atapanda lori hadi Sumbawanga, akasome mbele ya mkoa mzima. Mimi, Makarius Lyamba! Nani mwingine anashinda na asali kutwa, mpaka viatu vinanata?

Tatizo ni Damiano wa posta. Mwaka jana alishinda yeye. Beti kumi na mbili, zote -ni. Shambani, bondeni, jikoni, mfukoni. Kina cha mvivu! Ukikwama unabandika -ni, unaendelea. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Na mimi nilipiga, kwa uchungu.

Mpango: nitavumisha kwamba hakimu wa mwaka huu, Mwalimu Gelasius, amepiga marufuku kina cha -ni. Damiano atabaki bubu.

Alhamisi, 26 Juni

Nilimwambia mtu mmoja tu, tena kwa siri. Kufika saa sita mji mzima unajua. Damiano ameonekana dirishani kwake kajishika kichwa. Raha iliyoje!

Saa tisa Mwalimu Gelasius kaja bohari kuchukua asali. Kasema amesikia ati amepiga marufuku -ni. Hakuwa amefanya hivyo. Lakini ameliona wazo ni zuri mno, kwa hiyo sasa amefanya. Kaniomba nikimjua aliyelianzisha nimfikishie shukrani.

Shairi langu lilikuwa tayari. Beti tisa. Zote -ni.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekaa na daftari tangu asubuhi. Natafuta vina vya “asali”. Mbali. Kali. Hali. Maneno haya nimeyaandika kwa safu, moja chini ya jingine, halafu nimeyatazama tu. Mungu wangu! Nani aliyafananisha haya? Asali iko mzingani, mbali iko huko mbali, hayana undugu wala ujirani. Lakini yatamke pamoja, sikio linashtuka kama limeitwa jina lake. Nimejaribu na “nyota” na “kiota”. Mwili umenisisimka. Nimejaribu tena. Umenisisimka tena.

Hadi jioni nimepata mstari mmoja: “Asali ni kitu kali.” Si Kiswahili. Wala si kweli. Nimefuta.

Jumatatu, 30 Juni

Nimepata akili! Jioni huwa nafundisha kisomo cha watu wazima barazani pa bohari. Wanafunzi kumi na sita. Leo nimewapa zoezi: kila mmoja alete ubeti mmoja wa asali. Vichwa kumi na sita vitalima, mimi nitavuna. Nimewaambia ni kwa faida yao wenyewe. Wamenishukuru. Karibu nione aibu.

Jumatano, 2 Julai

Mavuno mabaya. Mzee mmoja kaleta methali. Mwingine kaleta asali yenyewe, kwenye kibuyu. Nimeipokea.

Wa mwisho kusimama alikuwa Séverine. Huyu ni mama anayeyeyusha na kuchuja nta hapa bohari. Alikuja na wakimbizi wa Burundi, wakawekwa kambini Katumba, sasa anakaa mjini. Kiswahili amejifunza huku huku, na ulimi wake haupendi l, unaigeuza r. Kuandika bado anasumbuka, kwa hiyo kasema ubeti wake kwa mdomo.

Mistari minne tu. Nilikuwa nimeshika chaki. Alipomaliza nilikuwa bado nimeishika, ila imevunjika vipande viwili, na sijui niliivunja saa ngapi. Hakuna aliyekohoa. Hata Lusia, mwanafunzi ambaye hukohoa kipindi kizima.

Nilimwuliza kama kweli ana pacha, maana ubeti ulimtaja. Kasema ndiyo. Générose. Waliachana mwaka sabini na mbili, porini, watu walipotawanyika wakikimbia. Tangu hapo hajui kama yu hai. Alisema polepole, macho yakiwa kwenye mikono yake yenye nta.

Nilisahau kwamba nilikuwa nataka kuiba. Kwa dakika tano nzima nilikuwa mtu mwema.

Halafu nikakumbuka Sumbawanga. Nimemwambia ubeti wake unavutia lakini haujakomaa, asubiri mwakani. Kisha nimeuandika daftarini kwangu, kwa Kiswahili safi, kila l mahali pake. Ukishamrekebishia mtu herufi, kazi si inakuwa ya wote wawili?

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba



Uwanja ulifurika. Mama yangu alikuja na lori la mpunga toka kijijini Mamba, akakaa mbele kabisa. Damiano alitangulia. Bila -ni aliishia kusema “asali” mwisho wa kila mstari, mara kumi na sita. Nikajua nimeshinda.

Nikapanda jukwaani. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili. Nikafika wa tatu, pale pa kumlilia pacha aliyepotea. Mama akasimama. “We Makarius! Pacha gani? Mimi nilizaa pacha lini?”

Uwanja mzima ukacheka. Nikamalizia wa nne. Mwalimu Gelasius akainua mkono. Kauliza asali na hatari ni vina wapi na wapi. Habari na mbali je? Li na ri, kasema, hata mtoto wa chekechea anasikia.

Nikatazama karatasi. Kweli! Asali, hatari, habari, mbali. Vimeachana kabisa! Nilivyovisikia Jumatano vilikuwa vimeshikana mikono! Nikapiga kelele kwamba mwalimu, nilipousikia ulikuwa na vina! Akauliza niliusikia kwa nani.

Wanafunzi wangu wote waligeuka kumtazama Séverine.

Wakamwita. Akapita karibu yangu, akaniambia kwa sauti ndogo, “Mwarimu, uriniambia haujakomaa.” Nilitamani jukwaa linimeze. Kisha akasema ubeti wake. Safari hii nauandika kama ulivyotoka kinywani mwake, sigusi kitu:

Nyuki wangu niriacha, mizinga ina asari,
Usiku hata kukucha, turikwenda kwa hatari,
Pacha wangu, wangu pacha, sijasikia habari,
Utamu nitauficha, mpaka aje wa mbari.

Watu mia tano, na nilisikia bendera ikipepea.

Mwalimu Gelasius alivua miwani. Kasema kina ni cha sikio, si cha karatasi, na katika kinywa cha mama huyu vina vyote vimetimia. Kasema tena, kama anajisemea mwenyewe: neno la mwisho. Anangoja wa mbali. Na mbari ni ukoo. Anangoja wa ukoo wake. Neno moja limebeba yote mawili, na mimi karani nilikuwa nimelisafisha mpaka nikalimwaga. Maisha yangu yote natafuta vina kwa rula na daftari, kumbe kuna mtu ulimi wake unavizaa.

Haikuishia hapo. Mzee mmoja, Apollinaire, aliyekuja na kikundi cha ngoma toka Ulyankulu, kambi nyingine ya wakimbizi, alikuwa amemkodolea macho Séverine tangu alipopanda. Akasogea. Wakaongea Kirundi. Sikuelewa, ila jina moja nililisikia: Générose. Séverine akakaa chini, pale pale vumbini, akafunika uso kwa kanga.

Lusia, anayejua Kirundi, ndiye aliyetuambia. Ulyankulu yuko mwanamke mwenye uso huo huo, jina hilo hilo. Mzee alipomwona Séverine alidhani ni yule jirani yake, akashangaa amefikaje Mpanda. Mpaka aliposikia neno pacha.

Mama yangu alilia. Damiano alilia. Mimi nilikuwa nimeanza zamani.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi hii tumemsindikiza Séverine stesheni, apande treni ya Kaliua. Kabeba kibuyu cha asali kwa ajili ya dada yake. Nimemwomba msamaha. Kasema amenisamehe, lakini daftari lake la kisomo kaliondoa mezani kwangu.

Nimerudi nikitafakari. Kama nisingeiba, ubeti ungesikika? Kwa kweli mimi ndiye niliyewakutanisha. Nimemweleza Mama hivyo. Kaomba lori la kurudi Mamba leo leo.

Na sasa, mshindi Séverine akiwa ameondoka, nafasi ya Sumbawanga iko wazi! Mwalimu Gelasius atachagua mwingine Ijumaa. Siri ya Séverine nimeshaing'amua: si moyo, ni ulimi. Yeye l zote ni r. Mimi nitafanya r zote kuwa l. Safali, hatali, habali, zote zinakubaliana na asali! Vina maradufu, bila jasho!

Nimeanza mazoezi mara moja. Nimemwamkia mkuu wa bohari: shikamoo mzee, habali za asubuhi? Kaniuliza kama jino linaniuma.

Nimemjibu hapana mzee, huu ni ushaili.