Pumzi ya Shemeji Kalybek

Jumatatu, 6 Januari
Moshi wa makaa umelimeza jiji letu la Bishkek. Milima imefutika kabisa. Mke wangu Zuurakan kanipeleka kliniki, kwenye utafiti wa watu walioacha sigara. Hakuna sindano. Unapuliza mfuko, mashine inanusa dalili za saratani ya mapafu kabla hata hujakohoa. Daktari Nurzat akaongeza kwa upole kwamba mashine humjua pia anayevuta bado. Balaa! Zuurakan anaamini niliacha miaka mitatu iliyopita. Nimepewa mfuko, nipulize nyumbani.

Jumanne, 7 Januari
Nimepata akili! Shemeji Kalybek, kaka yake Zuurakan, anaoka mikate ya tanuri tangu ujana wake na hajagusa sigara. Nikamwambia tunashindana nguvu za kifua. Akapuliza mpaka macho yakamtoka.
"Shemeji, nimekushinda?"
Vibaya sana, nikamwambia. Nikauinua mfuko dirishani; kesho naupeleka kliniki kama wangu. Kawingu kadogo, kamefungwa. Nikajiona nimekapanda, naelea juu ya moshi wote, mpaka kwenye jua. Nikawasha sigara kushangilia.

Alhamisi, 16 Januari
Daktari kapiga simu. Kanipongeza: sigara hamna. Lakini kuna dalili nyingine asiyoipenda, niende nikapigwe picha ya kifua. Zuurakan analia, kanipikia supu ya kondoo, ananiita kipenzi. Kila kijiko namwona Kalybek ameinamia tanuri, anaimba.

Ijumaa, 17 Januari
Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda kwake nikamweleza yote. Akanitazama, unga kwenye nyusi.
"Kwa hiyo pumzi mbaya ni yangu?"
Tukamweleza Zuurakan, naye akatupeleka kliniki sote. Njiani kanisemesha mara moja tu: "Mjinga mkubwa wee!"

Jumatano, 12 Februari
Kalybek kapasuliwa. Uvimbe ulikuwa kama punje ya mtama, haujasambaa. Angengoja kikohozi, asema Daktari, tungechelewa. Kalybek akanishika mkono.
"Shemeji, uongo wako umeniponya. Usiurudie."
Nimetoka nje nikilia. Theluji inadondoka polepole, kama usingizi. Nimeapa kuwa mtu mpya.

Ijumaa, 14 Februari
Zamu yangu sasa. Pumzi nitapuliza kliniki, mbele ya Zuurakan, ila kwanza Daktari anataka mkojo, nao pia humtaja mvutaji. Kanipa kichupa, nijaze nyumbani, peke yangu.
Nimesimama uani, namtazama farasi jike wa jirani Beyshen. Mnyama mpole. Manyoya yanang'aa, macho maangavu. Hajavuta sigara hata siku moja.