Kodi ya Kitambi Mpakani

Ishaka alishuka Tunduma akitokea Morogoro, na kitu cha kwanza kumkaribisha kilikuwa harufu ya mafuta. Huku malori yamejipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia, huku makarai ya chipsi yanachemka, na katikati madereva wenye vitambi wanakula kama wanaiaga dunia. Mimi na wewe tungeona njaa. Ishaka aliona riziki.

Alikuwa na dhiki moja tu: bajaji. Mama mkwe wake alikuwa ameapa kwamba bintiye, Raudha, harudi kwa mwanamume anayetembea kwa miguu. Pesa ya bajaji Ishaka alikuwa ameifunga kiunoni, ndani ya shati, na ilikuwa bado kidogo tu itimie.

Kesho yake akatokeza amevaa koti jeupe, mizani ya kupimia watu kwapani. Akasimama mbele ya karai la Zakia, mwanamke ambaye wakaanga chipsi wote wa pale walimsikiliza.

"Mama, afya ya taifa iko hatarini," akasema kwa sauti ya msibani. "Kuanzia leo kila karai linalipa kodi ya kitambi."

"Kitambi cha nani?" Zakia hakuacha hata kugeuza viazi.

"Cha walaji."

"Makubwa! Tumbo la mwenzangu, kodi kwangu?"

Tumpale, mkulima wa Isansa aliyekonda kama mpini wa jembe, aliacha chipsi mayai yake akapanda mwenyewe kwenye mizani. "Haya, nisome! Nimepalilia kahawa wiki nzima, halafu nilipie kitambi? Yule pale," akamnyooshea kidole dereva aliyekuwa anafungua soda nyingine, "bei ikipanda atanunua tu. Mimi ndiye nitakayelala njaa."

"Sheria haijui mnene wala mwembamba, mzee wangu. Chipsi zikipanda bei, watu watakula mchicha."

"Mchicha wenyewe hautiwi mafuta?" akadakia Zakia, na benchi zima likaangua kicheko.

Ishaka aliona anashindwa hoja, akafanya wanachofanya wakubwa wakishindwa hoja. "Asiyelipa, karai lake linabebwa sasa hivi."

Kicheko kikakatika. Zakia akafuta mikono kwenye khanga, akamtazama Ishaka kuanzia viatu hadi kola, sauti ikalainika ghafla. "Tusifike huko, afisa. Nitawalipia na wenzangu. Ila wateja wangu Wazambia, nina kwacha tu." Akachomoa bunda la noti chini ya gunia la viazi, kila moja kwacha elfu hamsini.

Ishaka akameza mate. Kuhusu kwacha alijua jambo moja: moja tu inapita shilingi mia. Mkononi mwa mama huyu kulikuwa na bajaji za mji mzima!

"Mie hesabu zilinishinda," Zakia akasema kinyonge. "Tuhesabu kwacha sawa na shilingi, yaishe. Kata kodi yako, chenji nipe ya Tanzania nikanunue viazi."

Mtu mwenye haya angemsahihisha. Ishaka aligeukia ukutani, akafungua kiuno, akatoa chenji mpaka noti ya mwisho. Kisha akaondoka mbio, mizani kaisahau.

Abdul, muuza kwacha wa pale mpakani, aliipindua noti, akawaita wenzake waje waone. "Kaka, umefukua kaburi la nani? Wazambia walikata sufuri tatu wakatoa noti mpya, miaka zaidi ya kumi sasa. Hapa Tunduma hizi wanachezea watoto."

Ishaka alirudi kwa Zakia akitweta. "Mama, umeniibia!"

"Polisi pale." Zakia akamwelekeza kwa mwiko. "Kawaeleze ulikuwa unatoza nini."

Ishaka akatazama polisi, akatazama koti lake jeupe. Bajaji imekwenda, na Raudha naye kaenda. Akaketi kwenye benchi, machozi yanamlenga.

"Basi nisaidie hata sahani moja ya chipsi, mama. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

"Hela unayo?"

"Sina."

Zakia akamgeukia Tumpale. "Mzee, tulimbishia bure huyu kijana. Kodi yake inakondesha kweli."