Siku Kumi za Kumsimamisha Charvi kwa Mguu Mmoja

Jumatatu, 22 Septemba

Iwekwe wazi kwa vizazi vyote vijavyo vya ukoo wetu, na kwa jirani Shamanna pia, kama atalisoma daftari hili bila ruhusa: kuanzia leo saa tatu na dakika moja asubuhi, mimi Seetharamu, miaka hamsini na minane, karani wa tiketi mstaafu wa reli, ni mwalimu wa yoga. Nina mwanafunzi mmoja. Ana miaka minne na sasa hivi yuko chini ya meza.

Ningeanza saa mbili. Ila Jumatatu saa za Rahu, saa za mkosi, ni saa moja na nusu hadi saa tatu, na hakuna mtu mwenye akili zake hapa Mysuru anayeanzisha jambo ndani ya saa za Rahu.

Sababu ni kwamba mjukuu wangu Charvi anaanguka. Anaanguka ngazini, anaanguka uani, anaanguka akiwa amesimama tu. Mwalimu wake wa chekechea amempa mama yake, binti yangu Sahana, karatasi: mtoto achezeshwe yoga nyumbani, dakika tano tano, awe mti, awe korongo, awe paka, mpaka mwili ujifunze kujimudu. Sahana akasema yeye anarudi kutoka kazini usiku, hana muda huo, na kuna kituo ng'ambo ya mji kinachofanya mambo hayo. Sikukuu ya Dasara, iliyoanza leo, ikiisha atampeleka. Mchana kutwa. Kila siku.

Mchana ni wangu na Charvi. Tunakula pamoja, tunabishana, tunalala feni ikitupepea. Nikasema hakuna haja ya kituo, mimi nilifundishwa yoga ujanani. (Katika mji huu kila mwanamume wa rika langu husema hivyo. Mimi nilihudhuria siku mbili. Ya pili nilichelewa.) Sahana akasema haya baba, akiweza kusimama kwa mguu mmoja mpaka hesabu ya kumi kabla Dasara haijaisha, atabaki.

Siku kumi. Kazi ndogo. Leo amefika mbili.

Jumanne, 23 Septemba

Karatasi ya mwalimu inasema mtoto aongoze mchezo, na akichoka aachwe. Upuuzi mtupu. Nani aliwahi kujifunza kitu kwa kuachwa? Nimetandika mkeka. Nimevaa filimbi shingoni. Nimemwambia awe mti. Akauliza mti gani. Nikasema wowote. Akauliza kama una nyani. Nikasema hauna. Basi yeye ndiye nyani na mimi niwe mti, akasema, akanipanda mgongoni. Filimbi aliipuliza yeye.

Baada ya usingizi wa mchana aliamka mchangamfu, akauliza yoga iko wapi. Saa tisa na dakika tano. Saa za Rahu za Jumanne ndiyo kwanza zimeingia. Nikamwambia asubiri hadi saa kumi na nusu. Saa kumi na nusu alikuwa amelala kifudifudi akilia kwamba soksi inamwangalia.

Shamanna akachungulia juu ya ukuta. Alikuwa mwalimu wa michezo shuleni na ugonjwa huo haujamtoka. Akasema mjukuu wake Nidhi, wa umri huohuo, jana alisimama kwa mguu mmoja hadi ishirini huku akila pera. Nikasema hongera. Akasema, "Usijali, Bwana Seetharamu, wengine huchelewa. Hata wewe mwenyewe unatembea kama mtu aliye ndani ya treni."

Nilikaa nyuma ya dirisha la tiketi miaka thelathini. Treni zenyewe sikuzipanda.

Alhamisi, 25 Septemba

Mbinu mpya: huruma. Kila akianguka nampa kipande cha kashata ya nazi, apoe moyo. Asubuhi hii ameanguka mara kumi na nne. Mara tatu za mwisho alianguka kabla sijamwambia asimame.

Mke wangu Vanaja, ambaye kashata hizo alizipika kwa ajili ya wageni wa sikukuu, alifunua kopo, akatazama ndani, akanitazama mimi. Akauliza namfundisha mtoto kusimama au kuanguka. "Maana kwa kuanguka, Baba Sahana, umemfaulisha."

Ijumaa, 26 Septemba

Nimewafuma. Saa tano asubuhi, Vanaja na Charvi, mlangoni. Kila siku Vanaja huchora kwa unga mweupe mbele ya kizingiti, mistari na vitone, kisha huingia ndani kupika. Leo hakuingia. Alikuwa amekaa kizingitini akimtazama mtoto akivuka michoro kwa mguu mmoja. Ati ni korongo. Ati mistari ni maji na vitone ni samaki. Korongo akigusa maji, samaki wanakimbia. Akishtuka, wanakimbia. Bibi anampigia makofi ghafla nyuma ya masikio kumjaribu, na korongo anatulia tuli. Kisha wanacheka wote wawili kama watu wasio na kazi.

Nikasitisha. Kwanza, hiyo si yoga, huo ni mchezo. Pili, saa tano ya Ijumaa iko katikati ya saa za Rahu. Tatu, hakuna aliyekuwa anahesabu. Vanaja akasema yeye hakuanza leo, alianza Jumatatu jioni, kwa hiyo Rahu hamhusu.

Nimefungua kalenda kutafuta kama sheria iko hivyo.

Kwangu mimi, mchana, kwenye mkeka: tatu.

Jumapili, 28 Septemba

Zimebaki siku nne na bado tuko kwenye tatu. Lakini nimepata suluhisho, na nikiri kwamba nimejipongeza.

Vanaja, kama kila mwanamke wa kichochoro chetu, amepanga wanasesere wake wa Dasara sebuleni: ngazi tisa za mbao juu ya madebe, zimefunikwa kitambaa cheupe. Jioni majirani huja kuwatazama. Watoto huimba mbele yao, hupewa dengu za nazi, huenda nyumba inayofuata. Jumanne ni zamu ya watu wa Shamanna kuja kwetu, na Sahana ameomba kutoka kazini mapema. Hapo ndipo Charvi atakaposimama chini ya ngazi, mguu mmoja, mikono juu, nyoya la tausi kichwani. Mwanasesere aliye hai. Hakuna nyumba iliyowahi.

Kuanguka hataanguka, kwa sababu mimi nitakuwa nimejificha nyuma ya ngazi, nimeshika ncha ya utepe mweupe uliopita kati ya madebe mpaka kiunoni mwake. Akiyumba mbele, navuta. Akiyumba nyuma, mipango haijafika huko.

Najua. Nani asiyejua kwamba ni udanganyifu? Lakini kile kituo kina geti la chuma, na watoto wanaruhusiwa kutoka saa kumi na mbili jioni.

Nikamwambia Vanaja tusogeze ngazi mbele kidogo, ukuta una unyevu. Akasema ukuta huo haujawahi kuwa na unyevu. Tukasogeza.

Jumanne, 30 Septemba

Taarifa rasmi, kama nilivyowaeleza wageni: ngazi zimeanguka kwa sababu ya kutu kwenye madebe, au panya. Waliopotea: bendi nzima ya udongo, watu saba. Ng'ombe watatu. Mwenye duka mnene, kichwa. Mfalme na malkia wa mbao, ambao Vanaja alipewa na mama yake siku ya harusi yetu, wako salama, ila malkia amepungukiwa pua.

Vanaja hajasema neno. Mgongo unauma. Siandiki zaidi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Sikukuu imekwisha. Daftari ni langu. Ukweli ni huu.

Saa kumi na mbili na robo jioni nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ngazi, utepe mkononi. Sebule imejaa. Wanaume kwa kawaida hawaji, lakini Shamanna alikuja, na akakaa mbele. Nidhi akaimba vizuri, sina la kusema. Kisha Vanaja akamwita Charvi. Utepe ukakazika, halafu ukalegea. Nikajua anaanguka. Nikavuta. Ukaja wote, mtupu. Charvi alikuwa ameufungua. Baadaye alieleza kwamba ulikuwa unamtekenya, na korongo havai mkanda.

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba mtoto simwoni na sebule iko kimya. Nikainuka nichungulie juu ya ngazi. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kwa kuchuchumaa, hivyo nikasimama kwa wa kushoto peke yake. Nilidumu, kwa makadirio, hesabu ya moja na nusu. Nikashika kitambaa cheupe.

Ngazi zote tisa zilimwagikia upande wa dirishani, mbali na mtoto, namshukuru Mungu, na mimi juu ya mbao zake. Wanawake wakapiga kelele. Dengu zikaruka. Mtu akaita daktari. Na Charvi hakutikisika. Mguu mmoja, mikono juu, macho sakafuni. Kichwa cha mwenye duka kikabiringika mpaka kwenye kidole chake, naye akakitazama tu. Alikuwa anasubiri samaki. Sahana akaanza kuhesabu kwa sauti, huku analia, huku anacheka, akafika ishirini na sita.

Shamanna akasema polepole, "Huyu mtoto kusimama anajua." Kisha akanitazama pale chini nilipokuwa. Ningependa angetaja treni.

Jana Sahana alisema Charvi atabaki nyumbani. Nikaenda uani kuangalia kama bomba limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Nikaliangalia tena.

Kuna sharti moja. Mwalimu ni Vanaja, na mimi ni mwanafunzi. Hapo Vanaja akatoa maneno yake ya kwanza tangu Jumanne: "Na aanze kwa kufundishwa kuchuchumaa." Nikawaeleza kwa upole kwamba msingi wote niliuweka mimi, kwa mkeka na filimbi, na kwamba zogo la Jumanne lilikuwa mtihani mkali ambao si kila mwalimu angethubutu kuutoa. Sahana akatoka chumbani. Vanaja aliendelea kugundisha pua ya malkia.

Leo mchana, somo la kwanza. Charvi akachora maji kwa unga sebuleni, akaniamuru niwe korongo. Nikainua mguu. Nikafika tatu. Nikarudia. Tatu. Akanishika kidole kimoja kunisaidia, akasema, "Babu, usiogope, samaki wengine watakuja."

Nimeishi katika nyumba hii miaka thelathini na moja, na ndiyo kwanza leo nagundua kwamba sakafu yake imeinama. Kesho namwita fundi.