Konokono Dhidi ya Yangeyange

Jumatatu, 10 Juni

Mvua. Duka la dobi limejaa nguo zisizokauka na wateja wasiosubiri. Sijali! Jumamosi kinatoka kitabu cha saba na cha mwisho cha *Mvuke wa Mchele*, na mimi nitakuwa wa kwanza nchi nzima kukihakiki. Mpinzani wangu Yangeyange asage meno.

Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia. Mchana mimi ni Nakazato Isuzu, miaka arobaini na tisa, mtalikiwa, napokea makoti ya watu hapa mjini Kawagoe. Jioni mimi ni Konokono, mhakiki wa riwaya motomoto za mapenzi ya wanaume kwa wanaume, kwenye tovuti ya Droo ya Chini. Tumejaa humo wanawake wa rika langu, wenye majina ya wadudu na ndege.

*Mvuke wa Mchele* ni habari za Genzo, fundi mkuu wa kupika sake, ile pombe ya mchele, na Yukinari, mkaguzi wa kodi aliyetumwa kupima mapipa yake. Vitabu vitatu vya kwanza unavisoma huku unajipepea. Cha nne, kimbunga kinazima taa ghalani, unafunua ukurasa, kumekucha, na wale wawili hawawezi kutazamana usoni. Nani alimwongoza nani gizani? Mwandishi hakusema! Kwetu sisi, anayeongoza kitandani ndiye anayetajwa kwanza. Mimi huandika Genzo na Yukinari, kama mtu mwenye akili timamu. Yangeyange, mwenye picha ya yule ndege mweupe, huandika Yukinari na Genzo. Kwa hilo tumetukanana miaka minne.

Leo kaandika kwamba Konokono husoma mapenzi kama dobi: wenzake wanaona mahaba, yeye anaona shuka lenye doa. Kapewa mioyo mia moja na tisini! Na habari za udobi kazijuaje? Kweli niliwahi kusema kwamba hariri iliyolowa sake haivuliwi kwa mkono mmoja. Lakini huo ni uhakiki!

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda hospitali kumwona Mwalimu Kusakabe. Amebaki mifupa. Saratani ya kongosho, na madaktari wameacha kutaja tiba, sasa wanataja mito ya kulalia.

Mwalimu ndiye rafiki yangu pekee. Alifundisha wasichana upishi na ushonaji mpaka akastaafu. Siku moja alileta koti dukani akasahau kitabu mfukoni, kimevikwa karatasi ya duka la vitabu kama tunavyovivika vyote, ili mtu aliyekaa jirani kwenye treni asione jina. Nikachungulia. Kitabu cha pili cha *Mvuke wa Mchele*! Aliporudi kuchukua koti nikamuuliza kama Yukinari anastahili kusamehewa. Akaegemea kaunta, akasema hapana, mpaka apige magoti. Tangu siku hiyo tunasoma pamoja.

Leo hawezi tena kushika kitabu. Kinachokaa mkononi ni ile tableti yake tu, anaibonyeza kwa kidole kimoja. Anasema anacheza karata. Aliniomba mawili. La kwanza, nimsomee cha saba, ajue usiku ule ghalani kulitokea nini kabla hajaondoka. Alilisema hivyo hivyo, "kabla sijaondoka", kama mtu anayewahi basi. La pili, akifa, nifike nyumbani kwake kabla ya kaka yake, diwani mstaafu, niondoe kila kitu kilicho katika kabati la chini ya ngazi. Nikaahidi yote. Nikalia kidogo. Akaniambia Isuzu, acha kulowesha shuka za watu, wewe ndiye unayejua kazi ya kuzifua.

Kumchangamsha nikamweleza ukatili wa Yangeyange. Sijamwambia kwamba Konokono ni mimi. Mwalimu ni mtu wa heshima zake, matusi yangu yangemwumiza. Alicheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika. Kisha akasema huyo Yangeyange mbona anaonekana ana akili. Nikanuna. Hata watu wazuri hukosea wakiumwa.

Ijumaa, 14 Juni

Ushindi!

Kila anayejua mambo anajua kwamba maduka hupanga kitabu kipya jana yake. Nimemdanganya bosi kwamba jino linauma, nikapanda treni mpaka jijini, Ikebukuro, nikawa mlangoni kabla hawajafungua. Walikuwepo wanawake wengine watatu, wote wamefunika midomo, wote wanaumwa meno. Tukajifanya hatuonani.

Nilipokipata, muuzaji akakivika karatasi yake ya kahawia. Nikafungua ndani ya treni. Kurasa za mwanzo tu, Genzo anafungua vifungo vya Yukinari kwa meno! Nikashukia kituo kisicho changu kupunga hewa.

Hapo likanijia wazo. Kukisoma chote ni mpaka usiku. Je, Yangeyange naye amekipata? Je, anaandika sasa hivi? Nilikuwa ukurasa wa arobaini. Lakini hivi kweli mtu anayefungua vifungo kwa meno anaweza kuongozwa na mkaguzi wa kodi? Thubutu! Nikakaa kwenye benchi la stesheni nikaandika uhakiki mzima. Nikasema kitabu kimemaliza ubishi. Nikasema usiku wa taa aliongoza Genzo, kama sisi wenye macho tulivyosema siku zote. Nikasema nililia mwishoni. Nyota tano. Nikautuma.

Wa kwanza nchi nzima! Mioyo mia tatu kabla sijafika nyumbani! Yangeyange kimya. Sina hata haja ya kumalizia kitabu leo. Nimejipikia mayai mawili.

Jumamosi, 15 Juni



Binti yake Mwalimu, Akeno, alipiga simu nikiwa kaunta. Akasema Mama anakuuliza wewe na kitabu, njoo sasa, usingoje jioni. Nikafunga duka na wateja ndani, nikawafungulia, nikafunga tena. Nikakimbia nyumbani, nikanyakua kitabu cha karatasi ya kahawia mezani, nikakimbia tena.

Pale kitandani Akeno akatupisha. Mwalimu alikuwa mdogo kama mtoto. Akasema soma, sauti ya chini, yule bibi wa kitanda cha pili anasikia sana. Nikafungua kitabu.

*Namna ya Kuondoa Madoa Sugu, Toleo la Tatu.*

Mama yangu! Kitabu cha kazini! Nilikivika karatasi ile ile ili bosi adhani nasoma riwaya na asinipandishe cheo. Ningefanyaje? Kurudi nyumbani ni saa nzima kwenda na kurudi. Kumwambia ukweli? Amefumba macho, anasubiri. Nikakohoa. Nikasoma.

Nilisoma hewani, nikitazama picha ya doa la divai. Nikasema kimbunga kinavuma, mapipa yanalia, Genzo anamshika Yukinari kiuno. Nilipoishiwa nikachukua maneno yaliyokuwa mbele yangu: akamlowesha kwa maji vuguvugu, akamsugua taratibu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Bibi wa kitanda cha pili akazima redio yake. Mwalimu akafumbua jicho moja. Akauliza, na taa? Nikasema Genzo aliipuliza mwenyewe, akaongoza mpaka alfajiri. Mwalimu akaanza kucheka, kicheko kisicho na pumzi, machozi yakamtiririka masikioni. Akanibonyeza mkono. Akasema, "Mwongo mkubwa wewe. Endelea, Konokono."

Nikatazama dirishani. Mvua. Labda ameona konokono kwenye kioo. Wanasema wagonjwa huona vitu.

Nikaendelea mpaka nikafika sura ya kutu. Akalala. Akeno akasema kaa, Mama anapenda ukiwepo, huenda asifike kesho. Nilitaka kukaa. Kweli nilitaka! Lakini simu ilikuwa imeisha chaji, na tangu jana Yangeyange hajajibu, na akijibu nisipokuwepo watu watadhani nimekubali. Nikamwambia Akeno narudi asubuhi na kitabu kingine.

Sasa niko nyumbani nimekaa mbele ya kompyuta. Namngojea Yangeyange. Nimemchokoza mara nne. Nimemwita kuku. Hajibu. Mwoga! Tangu nimjue hajawahi kukaa kimya siku mbili.

Jumapili, 16 Juni

Mwalimu amefariki alfajiri.

Akeno anasema aliamka mara moja akauliza nimekwenda wapi. Akamjibu nimefuata kitabu. Akasema sawa. Basi.

Siku nzima nimeshindwa kula. Mchana nikachukua kitabu, kile chenyewe, nikakisoma mpaka mwisho, nikilia tangu ukurasa wa arobaini na moja. Usiku wa taa umo, sura ya kumi na tisa. Hakuna aliyemwongoza mwenzake! Hakukutokea kitu! Paa lilitaka kung'oka, wakakaa sakafuni wameegemea pipa, Genzo akamshika Yukinari mkono gizani mpaka kukapambazuka, maana Yukinari alikuwa anaogopa. Asubuhi waliona haya kwa kuwa walilia. Basi, ni hayo tu. Miaka minne ya matusi!

Alikaa naye mpaka asubuhi. Sikuweza kuusoma ukurasa ule mara ya pili.

Ningemsomea huo. Ni kurasa tatu tu.

Jumanne, 18 Juni

Nimetimiza ahadi moja, walau moja. Nimefika nyumbani kwa Mwalimu na mifuko mikubwa ya dobi, nimevaa nyeusi, nikasema nimekuja kuchukua nguo za marehemu nizisafishe. Mpango mzuri! Ila kaka yake alishafika. Diwani mstaafu, mgongo umenyooka kama ufagio, anapanga vijiti vya ubani kwa rula.

Kabati lilikuwa na vitabu mia mbili na zaidi, vyote vimevikwa karatasi. Nikajaza mifuko mitatu, nikafunika juu kwa sweta. Nikainua. Haukuinuka hata mmoja. Mzee akaja kunisaidia! Nikakataa. Akashikilia. Akainua, akashangaa, akauliza ni nguo gani hizi zenye uzito wa mawe. Nikasema kimono za baridi, zimelowa. Akasema dada yake hakuvaa kimono tangu astaafu. Mshono ukaanza kuachia. Nikaona kona ya jalada, na bega la Genzo, tupu!

Akeno akatokea jikoni akasema Mjomba, acha huo mfuko, ni chupi za Mama. Mzee akauachia kama umemuunguza. Akaenda kusimama uani kwenye mvua.

Tulipakia mifuko garini. Kisha Akeno akanipa ile tableti. Akasema Mama ameagiza apewe Konokono, na Konokono ni nani? Nikasema simjui. Lakini nikasema nitamtafuta. Akeno akasema mtafute, na umwambie alimfurahisha sana Mama.

Nimeifungua sasa hivi. Hakuna karata hata moja humu. Ipo Droo ya Chini, imefunguliwa, na juu kabisa kuna picha ya ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 20 Juni

Yeye! Aliyeniita dobi ni yeye! Mia moja na tisini waliocheka, na yeye kalala pale na dripu mkononi akibonyeza kwa kidole kimoja!

Nimelia dukani mpaka mteja akanipa leso yake. Ilikuwa na doa la wino. Nikamwambia aje kuichukua Jumatatu.

Huko Droo wameshamaliza kitabu. Wanauliza mbona Konokono alisema aliongoza Genzo. Wananiita tapeli. Mioyo waliyonipa wameing'oa. Mmoja kaandika kwamba anamngoja Yangeyange aje anifyeke. Wakaitika arobaini. Wote wanamngoja Yangeyange.

Jumatatu, 24 Juni

Nina mpango, na safari hii hauna kasoro.

Wanamngoja? Atakuja. Tableti iko wazi. Leo Yangeyange ataandika kwamba ameona makosa yake, kwamba Konokono ndiye mhakiki bora wa zama zetu, na kwamba anampigia magoti. Mwalimu mwenyewe alisema mtu asisamehewe mpaka apige magoti!

Nikakaa. Nikaandika: Konokono ni bora. Nikafuta. Hasemi hivyo yule. Nikaandika: Konokono ana macho. Nikafuta. Nikajaribu kumsikia sauti yake pale kaunta, ameegemea. Vidole vikaenda vyenyewe. Nikaandika kwamba Konokono amehakiki kurasa arobaini na kuzivika karatasi zionekane kitabu. Kwamba usiku wa taa mtu alitakiwa ashikwe mkono tu, na huyu dobi alikuwa anatafuta doa. Nikatuma kabla sijafikiri.

Loo! Walivyolipuka! Yangeyange amerudi, wanaandika, Yangeyange wetu! Mioyo mia nne na kumi!

Maneno yamenichoma. Halafu nikapandwa na hasira. Nani anamwambia nani? Kama ni mkono, mbona yeye miaka yote alisema aliongoza Yukinari? Nikahamia kwenye kompyuta yangu nikamjibu, mistari thelathini, hoja juu ya hoja, na kidogo kuhusu hariri. Nimepata mioyo saba.

Saba! Yeye mia nne! Mfu mzima na bado ananishinda!

Nimejipikia mayai mawili, nimeyala yote. Tableti nimeichomeka chaji pembeni ya mto. Atajibu tu, namjua. Na akijibu, nitamkomesha.